Kodi Mbili za Mchikichini

Lugha yetu ya Kiswahili, ambayo ina ukwasi wa maneno kiasi cha kutotosheka na jina moja kwa mpunga, mchele na wali, imeridhika tangu zamani kutumia neno moja tu, kodi, kwa vitu viwili visivyofanana: fedha anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na fedha anayolipa raia kwa dola. Ndiyo sababu mtu akisimama mbele ya fremu moja ya Mchikichini, au katika mtaa wowote wa Kariakoo, akamwuliza mwenye duka kama amekwisha kulipa kodi, jibu la kwanza aghalabu haliwi ndiyo wala siyo, bali ni swali: "Ipi?" Katika swali hilo fupi, linaloulizwa kwa tabasamu siku za amani na kwa wahaka siku za msako, imejificha sehemu kubwa ya mjadala ambao taifa limekuwa nao kwa miaka mingi juu ya kuupitia upya na kuutengeneza mfumo wake wa kodi.

Mchikichini ni kata ya Ilala, iliyokaa baina ya bonde la mto Msimbazi na mitaa ya Kariakoo, na jina lake ni ukumbusho wa mti wa mchikichi. Leo lisikikapo jina hilo, wengi huwaza soko la mitumba lililo jirani na Uwanja wa Karume, ambalo watu hulijua zaidi kwa jina la Karume kuliko la kata yake, mahali ambapo belo hufunguliwa alfajiri, na wanunuzi wenye macho makali wakajipanga kuchagua kabla jua halijapanda. Moto uliliteketeza soko hilo Januari 2022, miezi michache tu baada ya moto mwingine wa Julai 2021 kulichoma soko kuu la Kariakoo, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli. Lakini biashara ya mahali hapa ni kama maji ya bonde la Msimbazi, ukiiziba huku hujitokeza kule. Humo mna wenye maduka ya jumla wanaoagiza makontena kutoka ng'ambo, wenye fremu za rejareja, mawinga ambao huuza bidhaa za maduka wasiyoyamiliki kwa ufasaha wa ndimi zao tu, na machinga ambao duka lao ni turubai, meza, au mabega yao wenyewe.

Watu wote hawa huzijua kodi mbili, na ni jambo la kustaajabisha jinsi wanavyozipokea kwa nyoyo mbalimbali. Kodi ya fremu katika eneo hili si nyepesi hata kidogo, na mwenye nyumba mara nyingi huitaka ya miezi sita au ya mwaka mzima mkupuo mmoja, kabla mpangaji hajauza hata soksi moja. Na pamoja na hayo hakuna aliyepata kusikia kwamba Kariakoo nzima imefunga milango kwa sababu ya kodi ya pango. Sababu yake si mapenzi kwa wenye nyumba. Sababu ni kwamba kodi ile, hata iwe nzito vipi, ina mambo manne yanayojulikana na pande zote mbili kabla fedha haijatoka mkononi: kiasi chake, siku yake, mpokeaji wake, na badili yake, yaani kile ambacho mlipaji anakipata kwa fedha aliyotoa. Dai la makala hii ni kwamba kodi ya dola hugeuka kero na hatimaye mgomo, si pale inapokuwa kubwa tu, bali pale inapopungukiwa na moja au zaidi katika mambo hayo manne. Na kwamba matengenezo yoyote ya mfumo wa kodi yanaweza kupimwa kwa mizani hiyo hiyo, bila ya mpimaji kuwa bingwa wa uchumi.

Migomo yenyewe si habari ya kuhadithiwa na wazee. Tarehe 15 Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa, na mitaa ambayo kwa kawaida mtu hupita kwa kusukumana ikawa mitupu. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wafanyabiashara katika viwanja vya Mnazi Mmoja, akawasikiliza kwa saa nyingi. Malalamiko yalikuwa mengi, lakini yaliyorudiwa zaidi yalihusu kile kilichoitwa kamata kamata: wateja kusimamishwa njiani na mizigo yao, wengine wakiwa wametoka Kongo, Zambia, Malawi au Komoro, wakadaiwa risiti, watumishi kuingia madukani kwa namna ya askari kuliko ya makarani, na agizo la kusajili stoo, ambalo wafanyabiashara waliliona kuwa ni mlango mwingine wa kudaiwa. Waziri Mkuu alisimamisha kamata kamata na usajili wa stoo, na kamati ikaundwa. Haukupita mwaka mmoja na miezi miwili, tarehe 24 Juni 2024, maduka yakafungwa tena, na safari hii mgomo ukavuka mipaka ya jiji ukafika Mwanza, Mbeya na miji mingine. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, ugomvi ulikuwa juu ya mashine za kutoa risiti, ambazo mfanyabiashara alitakiwa kuzinunua kwa fedha yake. Katika yote hayo, mtu akisikiliza kwa makini atagundua kwamba waliosema "kodi ni kubwa" walikuwapo, ila waliosema "hatujui tutadaiwa nini kesho" walikuwa wengi zaidi.

Ili kujua jinsi tulivyofika hapa, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Neno ushuru lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni fungu la kumi. Neno forodha pia ni la huko, na lilikuwa na maana ya mahali pa kushushia shehena. Katika Unguja ya Seyyid Said, mapato makubwa ya dola yalitoka forodhani, na mkataba wa 1833 baina yake na Marekani uliweka kwamba bidhaa za Wamarekani zingelipa asilimia 5, bila ya nyongeza. Hicho kilikuwa kiwango chepesi na dhahiri. Lakini kazi ya kukusanya hakuifanya sultani mwenyewe. Aliikodisha kwa mfanyabiashara, na mashuhuri kati yao alikuwa Jairam Shivji, ambaye alimlipa mtawala jumla iliyoafikiwa na ziada ikabaki kuwa yake. Msomaji ataona kwamba hapo kodi mbili za lugha yetu zilikutana: ushuru wenyewe ulikodishwa mfano wa nyumba. Utaratibu huo ulimpa mtawala utulivu, lakini ulifundisha pia jambo moja la kukumbukwa, nalo ni kwamba mkusanyaji ambaye faida yake imefungwa katika kile anachokamua hawezi kutarajiwa kumwonea huruma anayekamuliwa.

Huku bara, Wajerumani walitangaza sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ukusanyaji ukaanza mwaka uliofuata. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3, nyumba za mjini kwa kadiri ya thamani zake, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho la mwili wake. Maakida na majumbe walifanywa kuwa mkono wa kukusanyia, na chuki iliyostahili kwenda kwa mwenye amri ikawaangukia wao. Vita vya Majimaji vilipozuka Umatumbi mwaka 1905, kodi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoviwasha, pamoja na kulazimishwa kulima pamba. Waingereza walipokuja waliendeleza mwendo ule ule kwa sheria ya 1922 ya kodi ya nyumba na ya kichwa, na wazee wengi wa leo walizaliwa katika nyumba ambazo baba aliitunza risiti yake ya kodi mfano wa hirizi, kwa kuwa kuikosa njiani kulikuwa ni kukamatwa.

Hapa pana funzo ambalo watengenezaji wa mifumo husahau. Kodi ya kichwa ilikuwa na matatu katika yale manne: kiasi kilijulikana, siku ilijulikana, mpokeaji alijulikana mno. Kilichokosekana ni badili. Mlipaji alitoa na asione alichopata, ila idhini ya kutembea bila kufungwa kamba. Kwa hiyo hata kodi nyepesi na dhahiri haipati kupendwa ikiwa haina inachokirudisha, na kumbukumbu ya udhalili huo haikufa pamoja na bendera ya mkoloni. Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliondolewa, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina jipya la kodi ya maendeleo, na hatimaye mwaka 2003 serikali ya Rais Benjamin Mkapa ikaifuta, pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo uliokuwa ukivisumbua vikapu vya akina mama sokoni.

Huko nyuma, katika miaka ile ya baada ya uhuru, dola ilikuwa imejipatia njia nyingine, ya kimya zaidi. Mwaka 1969 ilianzishwa kodi ya mauzo, na kwa kuwa baada ya Azimio la Arusha la 1967 viwanda vikubwa vilikuwa mikononi mwa umma, mkusanyaji hakuhitaji kuzunguka vichochoroni. Alibisha katika malango machache, ya kiwanda cha bia, cha sigara, cha nguo, akapata sehemu kubwa ya haja yake. Mnunuzi alilipa ndani ya bei, asijue. Huo ulikuwa mfumo wa nchi yenye malango machache. Viwanda viliposhindwa katika miaka ya 1980, na serikali mwaka 1984 ilipowaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi, rafu za Kariakoo zilizokuwa tupu zilijaa, mitumba ikarudi, na biashara ikahama kutoka katika malango machache ikaenda katika milango elfu na elfu. Mfumo wa kodi, ambao ulizoea kuvua katika bwawa, ukajikuta mbele ya bahari na wavu ule ule.

Hapo ndipo ilipoundwa tume ya kwanza kubwa ya jambo hili. Iliongozwa na Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1991 juu ya mapato, kodi na matumizi ya umma. Katika miaka iliyofuata mengi yalibadilika: Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliundwa kwa sheria ya 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1996, kodi ya mauzo ikaondoka, na tarehe 1 Julai 1998 ikaingia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo watu huiita VAT, kwa asilimia 20, ikashuka kuwa 18 mwaka 2009. Hazina ilipata nguvu. Ila kodi hii mpya ilikuwa imebuniwa kwa wafanyabiashara wenye vitabu vya hesabu, na yafaa tueleze inavyofanya kazi, kwa sababu ugomvi mwingi wa Kariakoo umezaliwa humo.

Tuseme mwagizaji anamwuzia mwenye duka bidhaa ya shilingi 100,000. Anaongeza asilimia 18, yaani shilingi 18,000, anazipeleka serikalini, na anatoa risiti. Mwenye duka naye anauza bidhaa ile kwa 130,000, anaongeza 23,400, lakini hazipeleki zote. Kwa kuwa ana risiti, anakatiwa zile 18,000 zilizokwisha kulipwa, anapeleka 5,400 tu. Kila mtu hulipa juu ya kile alichoongeza yeye, na risiti ndiyo mnyororo unaowaunganisha. Sasa tuseme pete moja ya mnyororo imekatika: mwagizaji ameuza bila risiti, au ameandika risiti ya nusu ya bei. Mwenye duka akiwa mwaminifu, atabeba 23,400 zote peke yake, na jirani yake asiye mwaminifu atauza kwa bei ya chini na kumnyang'anya wateja. Ndiyo maana swali la pili katika maduka haya, baada ya lile la bei, limekuwa ni "na risiti au bila risiti?", na bei mbili hutajwa bila haya. Kumkamata mteja aliyebeba furushi barabarani kwa kukosa risiti ni kuishika pete ya mwisho, ambaye ndiye mnyonge kuliko wote, na kuiacha pete ya kwanza bandarini.

Kwa insafu ni lazima isemwe kwamba wafanyabiashara si malaika waliodhulumiwa. Wapo wanaoficha mauzo kwa kusudi, wapo wenye maduka makubwa wanaowatawanyia machinga bidhaa zao ili ziuzwe nje ya mashine, na wapo wanaodai risiti wanaponunua lakini hawaitoi wanapouza. Mwajiriwa, ambaye kodi yake hukatwa kabla mshahara haujamfikia, na ambaye hana mlango wa kufunga siku ya hasira, anayo haki ya kuuliza kwa nini mzigo umlemee yeye. Mwaka wa fedha 2024/25 TRA ilikusanya zaidi ya shilingi trilioni 32, kutoka trilioni 27 na kitu za mwaka uliotangulia, na hilo ni ongezeko la kupongezwa. Hata hivyo makusanyo ya kodi ya nchi hayafiki asilimia 15 ya pato la taifa, na waliomo katika daftari la walipaji ni wachache kuliko walio nje.

Kwa mwenye biashara ndogo, sheria ina njia nyingine, ambayo ni kodi ya makadirio, inayomhusu mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100. Ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 hadaiwi kitu, na ndiye aliyelengwa na vitambulisho vya machinga ambavyo Rais John Magufuli aliviagiza Desemba 2018, kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Kwa anayeuza baina ya milioni 4 na milioni 7, Sheria ya Fedha ya 2019 iliweka mizani yenye hekima: asiyetunza hesabu alipe shilingi 100,000, na mwenye kutunza alipe asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Tumchukue mama mmoja wa kufikirika, auzaye nguo za watoto za mtumba, mauzo yake yakiwa milioni 6. Kilichozidi ni milioni 2, na asilimia 3 yake ni shilingi 60,000. Daftari la shule na kalamu vimemwokolea shilingi 40,000.

Lakini mizani hii, pamoja na uzuri wake, ina ila mbili. Ya kwanza ni kwamba hupima mauzo, nayo mauzo si faida. Milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 11,000 kwa siku. Mtu anayenunua maji ya chupa kwa jumla na kuyauza barabarani huzipita kwa urahisi, ilhali anachobaki nacho jioni ni nauli na kitoweo. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kwamba pale pasipo daftari panaingia jicho. Mtumishi hutazama fremu, huhesabu kwa macho nguo zilizotundikwa, hukadiria, na tarakimu hutoka. Labda imetoka kwa uadilifu mtupu; lakini mlipaji hana namna ya kujua, na palipo na tarakimu isiyo na njia ya kuikokotoa, hapo mapatano ya pembeni hukaribishwa kiti. Sheria imempa anayelalamika haki ya kupinga makadirio, na kwa kawaida humtaka atangulize theluthi moja ya kodi anayodaiwa au ile asiyobishania, kwa kufuata iliyo kubwa zaidi; mwenye kampuni huweza, mwenye kimeza huona heri afunge.

Tazama, kwa kulinganisha, jinsi belo la mitumba linavyotozwa linapoingia nchini. Kwa desturi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nguo hizo hutozwa asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kila kilo, kwa kuchukua iliyo kubwa. Watu wanaweza kubishana kama kiwango hicho ni cha haki, na Jumuiya yenyewe mwaka 2016 ilikuwa na azma ya kuachana kabisa na mitumba kabla haijalegeza msimamo mbele ya Marekani. Lakini kilo ni kilo. Mzani husema mbele ya mtozaji na mtozwa, na wote wawili husoma tarakimu moja. Ni sifa adimu katika kodi, na thamani yake haionekani mpaka imekosekana.

Tuje katika mpokeaji. Kodi ya pango ina mpokeaji mmoja; kodi ya dola, kwa mwenye fremu, ina wengi. Ipo ya mapato inayokwenda TRA kwa awamu nne za mwaka. Upo ushuru wa huduma na leseni vinavyokwenda katika Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu 2021 ndilo lililorithi iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Ipo ada ya ukaguzi wa zimamoto. Na kwa wengine zipo za viwango vya bidhaa na za usalama mahali pa kazi. Mwaka 2018 serikali ilitoa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ambao hufupishwa kwa jina la MKUMBI, na tozo kadhaa zimefutwa au kuunganishwa tangu hapo. Hata hivyo kwa mwenye duka kila kofia inayoingia mlangoni ni serikali moja, na haimpi faraja kuambiwa kwamba aliyekuja jana na aliyekuja leo hawajuani.

Na ipo moja ambamo kodi zetu mbili zinagongana juu ya kichwa cha mtu mmoja, nayo ni kodi ya zuio juu ya pango. Sheria yasema mpangaji wa fremu, anapomlipa mwenye nyumba, azuie asilimia 10 na kuipeleka TRA, kwa kuwa ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Fremu ikiwa ni ya shilingi milioni 1 kwa mwezi, mwenye nyumba apewe 900,000, na 100,000 ziende serikalini kwa jina lake. Katika vitabu haya ni safi kabisa. Mtaani mwenye nyumba husema: "Mimi nataka milioni yangu kamili, hayo mengine malizana nao mwenyewe." Mpangaji, akijua kwamba nyuma yake wapo kumi wanaoitaka fremu ile, hulipa milioni moja na laki moja, na hivyo kodi ya mtu mwenye jumba la ghorofa hulipwa na mtu mwenye rafu tatu. Dola haikukusudia hivyo. Imetumia tu mkono uliokuwa karibu, kama Wajerumani walivyowatumia majumbe. Ila mfumo usiotazama nguvu ya mmoja juu ya mwingine huandika jina la tajiri na kulipisha fukara.

Linabaki jambo la nne, badili. Tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 2021, ilitangazwa kwa kuonyesha madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini vitakavyojengwa, na kweli vingine vilijengwa. Badili ilikuwapo; lakini kiasi kilimshtua mtu akimtumia mama yake fedha ya dawa, na wengi waliona kwamba fedha iliyokwisha kutozwa kodi inatozwa tena kwa kosa la kusafiri. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 katika muda wa majuma machache, na baadaye ikapunguzwa tena. Kwa Mchikichini badili huulizwa kwa lugha ya mahali: mtaro wa maji ya mvua, choo cha soko, taa, na gari la zimamoto linalofika kabla moto haujala kila kitu. Mtu aliyepoteza mtaji wake wote usiku mmoja wa Januari hakuhitaji kufafanuliwa maana ya huduma za jamii. Anaijua kwa kuikosa.

Oktoba 2024, miezi michache baada ya mgomo wa pili, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue, aliyepata kuwa Katibu Mkuu Kiongozi, na ndani yake waliwekwa watu waliokaa pande mbalimbali za meza: Profesa Florens Luoga aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, Profesa Mussa Assad aliyekuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, Rished Bade aliyepata kuiongoza TRA yenyewe. Kazi waliyopewa ilikuwa ni kuutazama mfumo mzima, wingi wa kodi na tozo, upana wa daftari la walipaji, na uhusiano wa anayetoza na anayetozwa. Tofauti na zama za Mtei ni kwamba tume ile ilikuwa na kazi ya kuutafutia wavu mpya uchumi uliobadilika, na hii ilipewa kazi ya kumfanya samaki aukubali wavu, jambo ambalo ni gumu zaidi. Yapo mabadiliko yaliyokwisha kuonekana: tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa katika VAT kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200, na mwaka 2025 ikaamuliwa kwamba mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa njia ya mtandao atozwe asilimia 16 badala ya 18. Hili la pili lina busara ya kipekee, kwa kuwa linamlipa mtu ili aache alama, badala ya kumwadhibu kwa kutoiacha.

Fikra hiyo si ngeni duniani. Baada ya vita kuu ya pili, ujumbe ulioongozwa na Mmarekani Carl Shoup ulikwenda Japani mwaka 1949 kuutengeneza mfumo wa kodi wa nchi iliyokuwa imevunjika, na miongoni mwa yaliyotokana nao ni fomu ya buluu: mfanyabiashara aliyekubali kutunza vitabu vya hesabu kwa kaida iliyowekwa alipewa fomu ya rangi hiyo, na pamoja nayo nafuu na heshima ya kutokadiriwa ovyo. Miaka mia tano na zaidi kabla ya hapo, mwanazuoni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alikwisha kuandika kwamba dola changa hutoza kidogo ikapata kingi, na dola iliyochakaa hutoza kingi ikapata kidogo, kwa kuwa watu huiacha kazi wanapoona tunda lake haliwafikii. Na kwa jirani zetu Wakenya, siku moja tu baada ya maduka ya Kariakoo kufungwa, tarehe 25 Juni 2024, vijana waliingia katika bunge la Nairobi kwa kuupinga mswada wa fedha, damu ikamwagika, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Miji miwili, katika juma moja, ilisema maneno yanayofanana kwa sauti mbili tofauti.

Kwa hiyo ningependa kila pendekezo la matengenezo lipelekwe Mchikichini kabla ya kupelekwa Dodoma, likajaribiwe kwa jaribio moja jepesi: mama yule wa nguo za watoto aketi penye kimeza chake jioni, na daftari lake na kalamu, bila mtumishi, bila wakala, bila ndugu anayejua sheria, akokotoe mwenyewe kiasi anachodaiwa, ajue siku ya kulipa, ajue ni kwa nani, na aweze kunyosha kidole akaonyesha walau kitu kimoja mtaani kilichotokana na fedha hiyo. Akiweza, mfumo umetengenezwa, hata kama kiwango hakikushuka kwa senti moja. Akishindwa, viwango vitapunguzwa leo na vitapandishwa kesho, kamati zitafuata kamati, na viwanja vya Mnazi Mmoja vitaendelea kujaa.

Neno litabaki moja, kwa kuwa Waswahili hawajaona haja ya kuligawa. Atakayeuliza Mchikichini kama kodi imelipwa ataendelea kujibiwa kwa swali lile lile la "Ipi?" Tunachoweza kutumaini ni kwamba mwenye duka ajibuye hivyo atakuwa anataka kujua tu risiti ya kutoa ni ya droo gani.